Safari ya Mashua ya Tanga na Marafiki Kwenye Pwani za Kitropiki: Mwongozo Kamili

Panga kila siku ya safari ukianzia mwisho wake, yaani saa ya kutia nanga. Kwenye pwani yenye matumbawe, maji ya mita 30 hugeuka mita moja ghafla, na chombo cha kupimia kina kilichofungwa chini ya mashua hukuonyesha pale ulipo tu, hakikwambii kilicho mbele ya omo, yaani pua ya mashua. Mwamba huonwa kwa macho, na macho huhitaji jua lililo juu, likiwa mgongoni mwako. Saa za kuingia bandari ya asili au kupenya kwenye mlango wa mwamba ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Baada ya hapo jua hulala, maji huwa kama kioo cheupe, na jua likishazama giza kamili huingia ndani ya nusu saa hivi. Msimu, umbali, saa ya kuamka na hata idadi ya watu mtakaochukua, vyote vinategemea dirisha hilo la saa tano.

Msimu na mwelekeo

Anza na vimbunga. Kaskazini mwa Atlantiki msimu wake ni 1 Juni hadi 30 Novemba. Kusini mwa Bahari ya Hindi ni hasa Novemba hadi Aprili. Ndani ya digrii 5 za latitudo kutoka ikweta vimbunga ni nadra mno, ingawa dhoruba fupi za mvua hazikosekani. Ukiambiwa kwamba bei ya kukodi mashua imeshuka nusu, tazama kwanza kalenda hiyo.

Kila siku nayo ina zamu zake za upepo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko bahari, hivyo alfajiri huvuma umande, upepo mwepesi kutoka pwani. Kwenye saa nne au tano asubuhi nchi imepata joto na upepo unaanza kuingia kutoka baharini, ukifikia nguvu yake kati ya saa saba na saa kumi. Anayeng'oa nanga alfajiri husafiri maji yakiwa matulivu. Anayekawia kwa sababu ya kifungua kinywa hukutana na mawimbi usoni.

Ukiweza kuchagua, siku za mwanzo nenda upande upepo unakotoka, ili kurudi kuwe kwa upepo wa nyuma. Siku ya kwanza kabisa iwe fupi, maili 8 au 10 ndani ya kinga ya mwamba, wageni wazoee mtikisiko. Kila siku nne au tano weka siku moja tupu ya akiba. Kinachowatoa watu baharini siku mbaya mara nyingi ni tiketi ya ndege ya kesho yake.

Hesabu ya siku moja

Mashua ya mita 10 hadi 12 ihesabie noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa (maili moja ya bahari ni mita 1,852). Maili 20 kwa upepo wa ubavuni ni saa 4. Sasa chukua maili hizo hizo ukienda bisha, yaani kupinda huku na huku dhidi ya upepo. Mashua hukaribia upepo kwa digrii 45 hivi kila upande, kwa hiyo njia hurefuka mara 1.4 na maili 20 zinakuwa 28. Mawimbi ya mbele yanashusha kasi hadi noti 4, na hapo saa 7 zimekwisha. Ukitaka kutia nanga saa nane mchana, nanga ya asubuhi ing'olewe saa moja.

Kosa kubwa ni kusahau mkondo. Katika hesabu hiyo mashua inakwenda noti 4 majini, lakini kuelekea unakotaka kufika inapiga hatua ya noti 2.9 tu. Mkondo wa noti moja ukikukabili, zinabaki 1.9, na saa 7 zinageuka karibu 11. Safari hiyo haitoshi tena ndani ya mwanga, na hili lijulikane mezani juu ya ramani, usiku wa kuamkia safari.

Watu

Mashua yenye vitanda 8 ichukue watu 6. Vitanda viwili vya ziada vitajaa mabegi, nguo mbichi na mtu asiyeweza kulala kwenye joto la chumba cha mbele. Nahodha awe mmoja, na awepo naibu anayeweza kuwasha injini, kushusha matanga, kusoma mahali mlipo kwenye GPS na kuita msaada kwa redio, kwa sababu anayeanguka majini anaweza kuwa nahodha mwenyewe. Ongea na kila mtu faraghani: anaogelea kiasi gani, ana maradhi gani, anatumia dawa zipi. Mbele ya wenzake mtu husema anaogelea.

Fedha zikubaliwe kabla: mfuko mmoja wa chakula na dizeli, na nani atalipa kifaa kikivunjika. Andikeni.

Kabla ya kuondoka, kila mmoja avae jaketi okozi lake na kulikaza mwenyewe, aonyeshwe vizima moto, valvu za chini ya maji, na choo. Choo kinastahili dakika zake tano. Bomba lake la kutolea uchafu lina kipenyo cha milimita 38 hivi, na maji ya chumvi huacha ukoko ndani yake unaozidi kulibana. Hakitiwi kitu ambacho hakijapita tumboni: si kitambaa cha usafi, si pamba, si unywele. Karatasi huwekwa kwenye mfuko. Baada ya kutumia, pampu mara 15 hadi 20 ili uchafu uvuke bomba lote, kisha kausha bakuli na funga valvu. Kikiziba, atakayefungua mabomba hayo kwenye joto, huku mashua ikiyumba, ni mmoja wenu.

Maji, chakula na nishati

Kwenye joto mtu hunywa lita 3 hadi 4 kwa siku. Ongeza nyingine 4 za kupikia na kujisuuza. Watu 6 kwa siku 7 wanahitaji 6 × 8 × 7, yaani lita 336, na theluthi ya akiba inafikisha karibu 450. Maji hayo yagawanywe kwenye matangi mawili yasiyounganishwa, na lita 40 zikae kwenye madumu, ili tangi moja likipata ufa au likiingia chumvi, maji mengine yabaki salama. Vyombo vioshwe kwa maji ya bahari safi na visuuzwe kwa maji baridi kidogo. Bomba la umeme lizimwe. La kupampu kwa mguu humfanya mtu aone anachotumia.

Maboksi ya karatasi yabaki gatini, maana mende na mayai yao husafiri kwenye mikunjo yake. Chakula cha siku moja kiwe tayari cha kula bila kupika, kwa ajili ya siku ya mawimbi.

Injini ya nguvu farasi 30 hadi 40 hutumia lita 3 hivi za dizeli kwa saa kwenye mwendo wa kawaida. Tangi la lita 150 lihesabiwe kuwa la lita 100. Theluthi ya chini ina maji na tope lililotulia. Mawimbi hulikoroga, chujio huziba, na injini huzima pale pale ilipohitajika zaidi, kwenye mlango wa mwamba wenye mawimbi. Beba machujio mawili ya akiba, mkanda, kipeta cha mpira cha pampu ya maji, na ujue kutoa hewa kwenye njia ya mafuta.

Friji ndiyo mlaji mkuu wa umeme. Betri za kawaida za risasi na asidi zisishuke chini ya volti 12.2 zikiwa zimetulia, na betri ya kuwashia injini itengwe na nyingine zote. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, huzama na kukusanyika ngamani, sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua, ambako cheche moja inatosha. Valvu ya mtungi ifungwe kila baada ya kupika. Kuzima jiko peke yake hakutoshi.

Kila asubuhi kabla ya kung'oa

1. Pima oili ya injini na maji ya kupozea, bonyeza mkanda kwa kidole: usilegee zaidi ya sentimita moja.
2. Angalia ngama. Maji yaliyozidi ya jana yana chanzo. Onja kujua kama ni ya chumvi au ya tangi.
3. Pitia pini na pingu za mlingoti, na kamba zote za kushikilia tanga.
4. Funga madirisha ya omo na kila kinachoweza kuruka.
5. Washa injini, kisha chungulia bomba la moshi. Maji yasipotoka ndani ya nusu dakika, zima. Mara nyingi ni valvu iliyosahauliwa, mfuko wa plastiki au nyasi kwenye chujio. La sivyo kipeta kimekatika.

Wanaopata kichefuchefu wameze dawa jioni ya jana na tena asubuhi. Kikishaanza kutapisha, dawa ya kumeza haikai. Mpe mgonjwa usukani, anayeshika usukani na kutazama upeo wa bahari hupona haraka kuliko aliyelala chini.

Matanga

Tweka tanga kuu omo ikitazama upepo, halafu elekea upande na fungua la mbele. Pamoja na marafiki wasio mabaharia, punguza tanga mapema: mkunjo wa kwanza kwenye upepo wa noti 15, wa pili kwenye 20. Mashua yenye tanga dogo hupoteza nusu noti. Yenye tanga kubwa mno hulala ubavu, husukumwa kando, huuchosha usukani na kuwatia watu hofu. Utaratibu wa mkunjo haubadiliki. Legeza demani (kamba ya kuongozea tanga) hadi tanga lipepee, teremsha henza (kamba ya kupandishia tanga) mpaka alama, nasa pete ya mkunjo kwenye ndoano ya mlingotini, kaza henza mpaka ukingo wa mbele unyooke, vuta kamba ya mkunjo ya nyuma hadi mwisho, ndipo ukaze demani. Ukivuta kamba ya nyuma kabla ya kukaza henza, kitambaa huchanika kwenye pete.

Wingu jeusi lenye ukingo wa chini ulionyooka na pazia la mvua chini yake linaweza kupandisha upepo kutoka noti 12 hadi 35 ndani ya dakika chache. Mkiliona linakuja, kunjeni tanga la mbele, tieni mkunjo wa pili, fungeni madirisha, vaeni majaketi na mikanda ya kujifunga mashuani, mchukue alama ya mahali mlipo kabla mvua haijafuta pwani. Mengi hupita ndani ya nusu saa.

Upepo wa nyuma huonekana mpole, na ndio unaovunja vichwa. Tanga likigeuka upande bila kutarajiwa, mti wa chini wa tanga hufagia sitaha kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikwepa. Funga kamba kutoka ncha ya mti huo kwenda omo na kurudi penye usukani, ili uweze kuifungua ukiwa hapo hapo. Endesha upepo ukiwa digrii 20 hivi kando ya shetri (nyuma ya mashua), usiwe nyuma kabisa.

Kusoma maji

Kwanza vipimo vya ramani. Tarakimu za kina zilizochapwa huhesabiwa kutoka maji ya chini kabisa ya kupwa, kwa hiyo kwa kawaida una maji zaidi ya hayo. Bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa, hufuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo kwa siku moja au mbili. Maji mafu, yaani kujaa na kupwa kudogo, hufuata nusu ya mwezi. Pale maji yanapojaa kwa saa sita hivi, gawa mapandio yote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Mkondo mkali kwenye milango huwa saa ya tatu na ya nne. Pita karibu na mwanzo au mwisho.

Usiiamini skrini kwa upofu. Kuna pwani za matumbawe ambazo ramani zake bado zinategemea vipimo vya karne ya 19. GPS inaweza kukuonyesha uko katikati ya mlango huku mwamba ukiwa chini ya omo.

Rangi husema hivi. Buluu iliyokolea ni kina. Inapoelekea kijani, maji yanapungua. Feruzi iliyopauka ni mchanga wa mita 2 au 3, na nyeupe ni mchanga ambao mkuku wako (uti wa chini wa mashua) hautaupita. Kahawia na manjano chafu ni tumbawe karibu na uso: kaa mbali. Doa jeusi katikati ya mchanga ni nyasi au tumbawe, na kwa mbali hayatofautiki, basi lihesabu tumbawe. Kivuli cha wingu hudanganya pia, ila kivuli hutembea. Baada ya mvua kubwa, karibu na mito, maji huwa tope na masomo haya yote hayafai.

Kuingia, shusha matanga, washa injini, nenda noti 2 au 3. Msimamishe mtu omoni, amevaa miwani ya polaroidi, juu kadiri anavyoweza kujishika salama. Ishara za mkono: mkono kulia, kushoto, kiganja juu ni simama. Sauti hazisikiki kwa ajili ya injini na upepo, na kelele huwatia watu kiwewe. Ingia maji yakiwa chini na yanaanza kujaa: miamba inaonekana, na ukigusa, maji yatakuinua. Ukigusa wakati yanapwa una dakika chache tu kabla hujakaa hapo hadi mzunguko ufuatao. Kwenye mchanga rudi nyuma ulikotoka. Kwenye tumbawe usilazimishe kwa injini, maana utasaga mkuku na usukani. Peleka nanga ya pili kwa kidau upande wa maji mengi, kaza, ngoja. Hifadhi mstari wa njia yako kwenye GPS unapoingia. Ndiyo njia pekee ya kutokea usiku ukilazimika.

Ukichelewa, usiingie. Baki maili 5 au zaidi nje ya mwamba, upande ambao upepo haukusukumi pwani, taa za safari zikiwaka, zamu za watu wawili wawili. Kaa macho na nyavu na vyombo vya uvuvi visivyo na taa.

Kutia nanga

Kwa mashua hii, nanga ya kilo 15 hadi 20 na mnyororo wa milimita 10 wenye urefu wa mita 50 au 60. Tafuta uwanja wa mchanga wa mita 4 hadi 8. Usitie juu ya matumbawe: huvunjika, hayaoti upya kwa umri wa safari yako, na mnyororo hujisokota humo.

Hesabu hii: kina sasa mita 5, maji yatapanda mita 2.5, omo iko mita 1.5 juu ya maji. Jumla 9. Mnyororo mtupu, mara 5, ni mita 45. Mnyororo mfupi ulioungwa na kamba, mara 7, ni mita 63. Upepo mkali ukitarajiwa, ongeza. Hakikisha pia kwamba maji yakipwa mkuku hautagusa, na ujue kama kipimo chako huanzia usoni mwa maji au chini ya mkuku.

1. Zunguka taratibu duara lote mtakalozungukia: mita 45 pamoja na urefu wa mashua. Duara liwe safi pande zote.
2. Omo ielekee upepo, simama kabisa juu ya mchanga.
3. Teremsha nanga mpaka iguse chini. Usimwage mnyororo wote. Utajirundika juu ya nanga na kuinasa.
4. Acha upepo ukurudishe, ukitoa mnyororo kidogo kidogo, hadi kipimo chako.
5. Rudi nyuma kwa injini polepole, halafu ongeza hadi nusu ya nguvu kwa dakika nzima. Tazama alama mbili za nchi kavu zilizopangana mstari mmoja, mti na jengo kwa mfano. Zisipoachana, nanga imeshika. Shika mnyororo kwa mkono: ukisikia unatetemeka, nanga inaburuta.
6. Unga kamba ya nailoni ya mita 5 hadi 8 kwenye mnyororo, uzito uhamie kwenye kamba. Inapunguza mshtuko na kelele.
7. Piga mbizi uiangalie. Nanga iliyozama mchangani hadi shingoni hukupa usingizi.

Mchana upepo wa bahari umeisukuma mashua kuelekea ufuo. Usiku umande unaigeuza kuelekea mwamba. Watu wengi hukagua upande mmoja tu, na saa tisa usiku wanasikia usukani ukigonga. Washa kengele ya nanga kwenye GPS na taa nyeupe juu ya mlingoti.

Kung'oa, endesha mbele kwa injini huku mnyororo ukivutwa mlegevu. Mashine ya nanga si ya kuvuta mashua. Ukinasa, usilazimishe. Chungulia kwa miwani ya kuzamia, kisha zunguka kinyume cha ulivyozungukia usiku.

Mambo yakiharibika

Mkato wa tumbawe usipuuzwe. Sugua kwa maji safi na sabuni hata ikiuma, toa vipande, paka dawa ya kuua vijidudu; joto na unyevu huuozesha ndani ya siku mbili. Kwa mwiba wa samaki mwenye sumu, zamisha mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, huku mkielekea kwa daktari.

Mtu akianguka majini: piga kelele, mtupie boya, na mmoja afanye kazi moja tu, kumnyooshea kidole bila kupepesa. Bonyeza alama ya GPS. Hakikisha hakuna kamba majini kabla ya kuwasha injini, geuka, mfikie ukitazama upepo, na umpe ubavu usiopigwa na upepo. Akifika ubavuni, toa gia. Rafadha (panga la injini) inayozunguka hukata.

Hatari ya maisha au ya kupoteza mashua, shika redio ya VHF, chaneli 16, nguvu ya juu. Sema MAYDAY mara tatu, jina la mashua mara tatu, kisha MAYDAY na jina mara moja. Taja mahali mlipo kwa latitudo na longitudo, shida ni nini, mnataka msaada gani, na idadi ya watu. Karatasi yenye maneno hayo, ikiwa na nafasi za kujazia, ibandikwe kando ya redio ili hata aliyepanda mashua jana aweze kuisoma. Malizia kwa "ova" na uachie kitufe, maana ukiendelea kukibonyeza hutasikia anayekujibu.